Mke wa Kwenye Bahasha

Kila mwaka, mwezi wa kwanza unapokaribia kwisha, mke mwenzangu huingia nyumbani kwetu kwa tundu la barua.

Msinielewe vibaya. Mume wangu ana mke mmoja, naye ni mimi. Yule wa kwanza waliachana miaka sita iliyopita, talaka ikaandikwa, mashahidi wakatia sahihi, kila mtu akashika njia yake. Mimi niliolewa miaka miwili baadaye, nikapanda ndege na sanduku moja, nikamfuata huku ugenini. Lakini bahasha ya kodi ya jengo haina habari na hayo. Ni bahasha ya manjano yenye kidirisha cha nailoni, na kwenye kidirisha hicho majina mawili yanachungulia, la mume wangu na la huyo mwanamke, moja chini ya jingine, yamebanana kama watu waliozoeana. Langu halipo. La mtoto halipo.

Nilimpa jina la Bi Bahasha. Sikuwa nimemwona hata kwenye picha, na mtu usiyemwona unamtengeneza mwenyewe. Mimi nilimtengeneza mrefu, mwenye shingo, mwenye macho ya kujua mambo. Wakati mwingine nikiwa nafua nguo nilijikuta namjibu.

Nilichokuwa na hakika nacho ni kwamba nyumba waliinunua wote wawili. Yeye alikuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli, mume wangu ni fundi wa vigae, wakachanga mwaka hadi mwaka mpaka wakapata hii ya vyumba viwili, mwisho wa mtaa. Sakafu aliitengeneza mume wangu kwa vigae vinavyobaki kazini, kwa hiyo jikoni peke yake kuna rangi tano. Wageni wakija wanasifu. Mimi nikipiga deki najiuliza: hiki cha kijani karibu na sinki, nani alisema kikae hapa? Siku moja nikamwuliza.

"Kigae?" akasema. "Kilikuwepo tu."

"Hakikuota, baba. Nani alikichagua?"

"Mama, hiki ni kigae."

Nilikisugua wiki nzima mpaka kikafifia, na bado kilikuwa kizuri kuliko vyote.

Lakini lililoniumiza zaidi ni siku yenyewe ya kulipa. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa pili manispaa huwahudumia wenye nyumba ambao ni raia wa kigeni. Siku hiyo mume wangu haendi kazini. Ananyoa. Anapiga pasi shati la bluu mwenyewe, mwanaume huyu ambaye kwenye harusi ya mdogo wake alivaa shati lenye mikunjo kama ramani. Anatoka saa mbili asubuhi, anarudi saa tisa alasiri, na akirudi chakula changu hakigusi.

"Umekula wapi?"

"Nilipata kitu huko huko."

Huko huko wapi? Foleni ya kodi inapika? Mwaka wa kwanza nilinyamaza. Mwaka wa pili nilikuwa na mimba, nikalia bafuni nikasema ni mimba. Mwaka wa tatu nililinusa shati. Lilinukia sabuni na mayai, na mwaka wa nne vilevile.

Mwaka huu mambo mawili yakagongana.

La kwanza lilikuwa la mtoto. Kibonge wetu, tunamwita hivyo kwa ajili ya mashavu yake, anatimiza miaka mitatu mwezi wa nne, na chekechea iko pale kwenye kona. Ukifungua dirisha asubuhi unawasikia watoto wakiimba, na yeye anasimama juu ya stuli kuwaitikia kwa maneno ya kwake. Mimi nami nilikuwa nimeahidiwa kazi ya asubuhi kwenye duka la dawa, ya kupanga rafu, mradi mtoto apate pa kukaa. Nikaenda kumwandikisha. Mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, akaingiza anwani yetu kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Nyumba hii ina watu wawili," akaniambia taratibu ili nimwelewe. "Mke na mume. Mtoto hakuna."

Nikafurahi kidogo. Nilifikiri mke ni mimi.

"Mtoto huyu hapa," nikasema, nikamkalisha Kibonge juu ya meza kama ushahidi.

Akacheka, akampa penseli ya rangi, lakini orodha haikubadilika kwa kicheko. Nafasi hutolewa kwanza kwa watoto walioandikwa kwenye nyumba za mtaa ule, akasema, na maandishi hayo yanatoka manispaa, kwenye fomu ya kodi ya jengo. Mwenye nyumba aende akarekebishe siku ya kulipa. Ikipita hiyo, mtoto atapelekwa popote penye nafasi, labda ng'ambo ya mji, na duka la dawa nalo haliwezi kunisubiri.

La pili lilikuwa darasa la jioni. Huu ni muhula wangu wa tatu najifunza lugha ya hapa, chumba cha chini cha maktaba, viti vya watoto, magoti yanagusa kidevu. Mwalimu alituambia kila mtu alete barua ya kweli kutoka nyumbani kwake, aisome. Mwenzangu mmoja alileta ya benki, mwingine ya daktari wa meno. Mimi nilileta ya manjano.

Nilisoma kwa kidole. Mstari wa tatu ulisema: wamiliki wote wawili watafika wenyewe, kwa pamoja, wakiwa na pasipoti zao. Nikausoma tena. Nikauruka, nikaurudia.

"Hili neno si ndiyo 'kwa pamoja'?" nikamnong'oneza msusi, rafiki yangu tunayekaa dawati moja.

Akachungulia. "Ndilo. Bega kwa bega, shoga. Nilikwambia mimi, mwanaume hapigi shati pasi kwenda kulipa kodi."

"Labda anaiheshimu serikali."

"Serikali gani hiyo inayonyolewa ndevu?"

Mwalimu akaniuliza kama nimeielewa barua yangu. Nikasema nimeielewa kuliko nilivyotaka. Akaniandikia "vizuri sana" kwa wino wa kijani.

Nilingoja asubuhi, chai ikiwa mezani na mtoto akiwa bize na kijiko chake.

"Jumatatu nakwenda na wewe," nikasema.

Alikuwa anapaka mkate siagi. Kisu kikasimama. "Wapi?"

"Kwenye kodi. Nikamwandikishe mtoto."

"Nitamwandikisha mimi."

"Miaka mitatu hujamwandikisha."

"Foleni ya pale ni ndefu, mama. Utachoka na mtoto mkononi."

"Na Bi Bahasha yeye hachoki?"

Hakuuliza Bi Bahasha ni nani. Kule kutouliza ndiko kulikonichoma.

"Nani kakwambia?"

"Barua. Siku hizi nasoma, umesahau? Ada ulilipa mwenyewe."

Akaweka kisu chini polepole, kama anayeogopa kuvunja kitu. "Ni sheria yao. Nyumba ikiwa ya wageni wawili, wote wawili waonekane, mara moja kwa mwaka. Tunakaa foleni, tunajaza, tunatia sahihi, kila mtu anakwenda zake."

"Na kula?"

"Anabeba mkate. Watu mmekaa saa sita, atakula peke yake?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ya uso huo."

Nikaenda kujiangalia kwenye kioo. Kweli, ulikuwa uso.

Jumamosi msusi alikuja kunisuka nyumbani, bila malipo. "Hii ni ya vita," akasema, akinivuta nywele mpaka nyusi zikapanda. Jumatatu nikavaa gauni langu la zambarau, lile ninalolitunza kwenye mfuko wa plastiki, nikampaka Kibonge mafuta mpaka akang'aa. Mume wangu akatutazama tukitoka chumbani. "Tunakwenda manispaa au studio ya picha?" akauliza. Naye alikuwa na shati la bluu.

Ukumbi wa kodi uko chini, ukiingia tu mkono wa kulia. Kuna mashine inayotema namba, viti vya plastiki vilivyoungwa saba saba, na kalamu zilizofungwa kwa kamba fupi hivi kwamba ukitaka kuandika lazima uiname kama unayeomba radhi. Tulipata namba themanini na moja. Ubaoni ilikuwa inawaka kumi na tisa. Watu walikuwa wametoka kila pembe ya dunia, kila mmoja na folda yake kifuani, wamenyamaza kama wanaosubiri majibu ya hospitali.

Mimi macho yangu yalikuwa mlangoni. Aliingia mwanamke mmoja mrefu, ana koti la kahawia na shingo ile ile niliyoipima kichwani miaka minne. Nikajiweka sawa, nikamshika mume wangu mkono. Yule mrefu akatupita, akaenda kukaa na mzungu mmoja mzee, wakapigana busu.

"Ndiyo huyu?" sauti ikasema pembeni yangu.

Nikageuka. Alikuwa mfupi. Mfupi na mnene kama mimi, amevaa viatu vya kazi vyeupe, mkononi mfuko wa nailoni. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo meusi, ya pasi.

"Ndiyo huyu," mume wangu akajibu, kama watu waliokwisha kunizungumzia.

"Karibu mdogo wangu. Na huyu mwenye mashavu?"

"Habari za asubuhi, dada," nikasema. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sauti ya baridi. Ikatoka ya kinyonge.

Alikaa, akafungua mfuko, akatoa vibakuli viwili vya mkate na mayai. Akatuhesabu kwa macho, akaanza kugawa vipande. Kibakuli kimoja akamsogezea mume wangu bila hata kumtazama. "Chako hakina kitunguu."

Nikamgeukia mume wangu. "Wewe huli kitunguu?"

"Nakula."

"Miaka minne nakupikia vitunguu!"

"Na mimi nakula, mama. Nimezoea."

Bi Bahasha alikuwa anatazama ubao wa namba, lakini mdomo wake ulikuwa umebana kicheko. Nilitamani sakafu ipasuke, na isinimeze mimi. Basi na Kibonge naye, mtoto niliyemzaa kwa saa kumi na nne, akashuka mapajani kwangu, akamwendea yule mwanamke, akamwekea mkono gotini na kusema, "Nipe."

"Kibonge, njoo."

"Mwache, ana njaa," akasema, akampakata.

Mwanangu akakaa pale akatafuna, mafuta yote niliyompaka yakamhamia yule mwanamke kwenye mkono wa sweta. Yeye hakujifuta.

Namba ilipofika sitini na kitu mume wangu akatoa folda. Alikuwa na fomu mpya na nakala ya fomu ya mwaka jana. Akaiweka ya mwaka jana kushoto, mpya kulia, akainamia kamba ya kalamu, akaanza. Nilimtazama kwa muda kabla sijaelewa ninachokiona. Hakuwa anaandika. Alikuwa anachora. Anatazama kushoto, anachora herufi moja kulia, anatazama tena, kama mtoto anavyonakili ubaoni neno asilolijua. Penye alama ya tiki anaweka tiki. Penye mstari anaweka mstari.

"Huwa unafanya hivi kila mwaka?"

"Kila mwaka. Mara ya kwanza kabisa alitujazia mzee aliyetuuzia nyumba. Akasema, andikeni hivi hivi, msibadilishe hata nukta, hamtapata matatizo."

"Na hatujapata," Bi Bahasha akaongezea, kwa fahari kidogo.

"Mara ya kwanza mlikuwa bado mmeoana," nikasema.

Wakanitazama wote wawili.

Nikaichukua ile karatasi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwasomea watu wazima kitu ambacho wao hawawezi kukisoma. "Swali la nne," nikasema. "Uhusiano wa wamiliki. Mmeweka tiki kwenye 'mke na mume'. Swali la tano, wanaoishi ndani ya nyumba. Mmeandika wote wawili. La sita, watoto. Sifuri."

"Mke na mume?" Bi Bahasha akauliza.

"Ndiyo."

"Mpaka leo?"

"Mpaka mwaka jana. Leo ndiyo anaandika tena."

Akapasua kicheko, watu wa safu ya mbele wakageuka. "Kumbe nimeolewa! Na yule dereva anayenibembeleza mwaka wa pili sasa, nimwambieje? Nimwambie subiri, serikali ina mume wangu?"

Mume wangu alikuwa amejishika kichwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa namkumbuka mwalimu mkuu wa chekechea na kompyuta yake. Mke na mume, alisema. Nami nikafurahi. Miaka minne nimepika, nimezaa, nimesugua sakafu ya rangi tano, na kwenye karatasi za mji huu nyumba ile ilikuwa na mke wake, na mke huyo alikuwa huyu hapa, amempakata mwanangu.

Kicheko chake kikaisha kabla ya watu kumaliza kumtazama. "Haya mengine sikuyajua," akasema kwa sauti ya chini. "Herufi zao siziwezi. Lakini hiyo sifuri naijua. Sifuri ni sifuri popote. Hapo nilikuwa naandika mimi kila mwaka, yeye hakuwahi kutaka kupashika."

Mume wangu akaangalia viatu vyake. Hawakutazamana, na hawakuwa na haja. Hapo ndipo nilipoonja wivu ambao sikuwa nimeuonja bado. Shati na mkate wenye mayai na kigae cha kijani vyote vilikuwa upuuzi. Hawa wawili walikuwa na msiba wao, walikaa nao miaka kwenye vyumba vyangu vile vile, na humo ndani mimi sikuwa na hata mahali pa kusimama.

Ubao ukalia. Themanini na moja, dirisha namba tatu.

Karani alikuwa kijana mwenye mafua, ana boksi la tishu pembeni. Nilimweleza mimi, kwa lugha yake, maneno yakinitoka moja moja: yupo mtoto, hayumo kwenye fomu, tunataka aandikwe kwa ajili ya chekechea. Akaitazama fomu, akapenga kamasi, akanipa jibu rahisi kuliko nilivyotegemea. "Pale penye sifuri wekeni moja. Jina na tarehe ya kuzaliwa. Basi."

Nikawatafsiria. Mume wangu akashusha pumzi kama mtu anayetua gunia. "Si hilo tu? Weka moja yaishe."

"Yaishe vipi?"

"Mtoto anapata chekechea, wewe unapata kazi, kodi inabaki ile ile ya wenyeji. Mama, tukianza kueleza talaka hapa watatupandishia. Kwani karatasi inaona?"

Kweli, kwa hesabu yake alikuwa sahihi. Mgeni anayeishi ndani ya nyumba yake na familia yake hutozwa sawa na mwenyeji. Asiyeishi ndani hutozwa kiwango cha wageni. Neno moja tu nikilinyamazia, kila kitu kingekaa vizuri. Nilitazama kile kisanduku cha swali la sita, kidogo, chenye upana wa kucha. Juu yake, swali la nne, ile tiki.

"Ukiweka moja hapa," nikamwambia, "mtoto huyu kwenye karatasi ni wa mke na mume hawa wa swali la nne. Ni wako na wake."

Mume wangu akaivuta fomu, akaitazama tena.

Bi Bahasha alikuwa bado amempakata Kibonge. Mtoto alikuwa amelala, shavu limejibana begani kwake, mdomo wazi. Nilimwona mwanamke yule anaitazama ile sifuri, kisha kalamu, na mkono wake ukapanda taratibu mgongoni kwa mwanangu ukatulia pale. Ilikuwa sekunde chache tu. Kama angesema, "Iandike, mdogo wangu, ni karatasi tu," sijui ningefanya nini mbele ya watu wale. Ninachojua ni kwamba alilifikiria. Mwanamke anamjua mwanamke.

"Nipe mtoto wangu, dada," nikasema.

Akanipa. Alimtoa begani kwa uangalifu, akimshika kichwa, akaniwekea mikononi. Kisha akavuta kamba ya kalamu mpaka ikafika mwisho, akainama, na kwa mkono wake mwenyewe akaipiga mstari ile tiki ya mke na mume. Akapiga na wa pili, kwa nguvu, karatasi ikachanika kidogo.

"Haya," akasema. "Andika ilivyo. Wewe ndiye unayejua kusoma."

Nikaandika, mtoto begani, kalamu mkono wa kulia. Wamiliki: wawili, walikwisha kuachana. Anayeishi ndani: mmoja. Wakazi wengine: mke wake, nikaweka jina langu, lote, na la baba yangu. Watoto wa mkazi huyo: mmoja. Jina la Kibonge halikutosha kwenye kisanduku, likamwagika nje kama yeye mwenyewe anavyomwagika kwenye nguo za mwaka jana.

Karani akasoma, akatuangalia sisi watatu mmoja mmoja, akavuta tishu. Hatatupiga faini, akasema, kwa kuwa tumejisahihisha wenyewe. Lakini nusu ya mama huyu, kwa kuwa haishi ndani, kuanzia sasa ni kiwango cha wageni, na madeni ya nyuma yataletwa kwa barua.

Niliwatafsiria. Nilikuwa sijamaliza sentensi mume wangu akaruka: "Hiyo tofauti nitalipa mimi."

Alivyowahi! Ukimwomba huyu mtu hela ya viatu vya mtoto anaanza kwanza kukuuliza vile vya zamani vimefanya nini. Nikahisi uso wangu ule unarudi wenyewe.

"Kaa na hela zako," Bi Bahasha akamjibu. "Nusu yangu, kodi yangu. Nimeipiga pasi nyumba ile shuka kwa shuka, sihitaji kusaidiwa." Kisha akanigeukia mimi, wala si yeye. "Siiuzi, mdogo wangu. Usije ukasema sikukwambia. Ishini, mlee mtoto, mimi sina shida na chumba. Lakini siiuzi."

"Sijakuomba uiuze, dada," nikasema. Nilikuwa nimepanga kuomba, nilipokuwa navaa gauni la zambarau.

Karani akasema kitu, nikamwomba arudie. Mmiliki asiyeishi ndani halazimiki tena kuja kila mwaka. Anaweza kumweka mwakilishi, mtu anayeishi kwenye nyumba ile, apokee barua zake, aje kwenye foleni kwa niaba yake, atie sahihi. Je, anamtaka nani? Akamtazama mume wangu.

"Mimi ni mmiliki mwenzake," mume wangu akasema kwa lugha yetu, nikatafsiri. Karani akatikisa kichwa. Mmiliki mwenza haruhusiwi. Mkazi mwingine.

Kwenye fomu yetu mkazi mwingine mwenye umri wa kutia sahihi alikuwa mmoja.

Bi Bahasha akanitazama kwa muda. Nami nikamtazama, makovu yake ya pasi, sweta lake lenye mafuta ya mwanangu. Mwakani siku hiyo ya Jumatatu nitakuja mimi. Mimi na mume wangu, bega kwa bega, na mkate wetu. Lakini barua yake itakuja kwangu, nami ndiye nitakayempigia simu kumsomea, na mambo yake yatakuwa mikononi mwangu mwaka baada ya mwaka. Nilikuwa nimekuja kumtoa nyumbani kwangu, na sasa naulizwa kama nitamwekea barua zake.

"Utaweza?" akauliza.

"Nitaweza."

Akatia sahihi. Karani akanisogezea karatasi ndogo nijaze: jina la mwakilishi, anwani, na namba ya simu ya anayewakilishwa.

"Namba yako, dada?"

Kabla hajafungua mdomo, mume wangu akaanza kuitaja. Bila simu, bila kufikiri, tarakimu zote kumi, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetaja jina la mama yake. Alipofika mwisho ndipo aliposikia alichokuwa anasema. Masikio yakambadilika rangi.

Kalamu yangu ilikuwa hewani. Karani alikuwa anangoja. Miaka sita, na bado anaijua kwa kichwa! Ya kwangu mimi akiulizwa huwa anatoa simu mfukoni.

"Hiyo?" Bi Bahasha akasema. "Laini hiyo niliitupa wiki niliyohama. Kama unaipiga, basi unaongea na mtu mwingine."

"Siipigi," mume wangu akasema haraka, akinitazama mimi. "Wallahi siipigi."

"Basi futa kichwani, kuna mtoto wa kuandikwa humo." Akavuta pochi yake, akasogea karibu yangu, akaniinamia sikioni akanitajia namba mpya, tarakimu mbili mbili, kwa sauti ndogo.

Nikaiandika. Nilijikuta nimeukinga mkono wa kushoto, ule uliomshika Kibonge, kuizunguka karatasi, mume wangu asiione, kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu.

Bi Bahasha aliuona ule mkono. "Kinga tu, mdogo wangu," akasema. "Mimi nilikuwa hivyo hivyo."